Mali Bila Daftari: Maisha ya Karani John Mercer Langston

Katika ofisi za umma hakuna kazi inayodharauliwa kama ukarani. Hakimu huinukiwa aingiapo mahakamani, wakili huitwa msomi, na mbunge hupigiwa makofi hata kabla hajafungua kinywa. Karani yeye huketi pembeni ameinamia daftari lake, na wengi hawamkumbuki mpaka siku faili inapopotea. Hata wanafunzi, wakiulizwa wanatarajia kuwa nani maishani, hutaja udaktari, urubani na uanasheria. Ni nadra kumsikia anayetamani ukarani. Ilhali wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na si mali peke yake. Haki ya mtu nayo, isipoandikwa na kutunzwa na mkono mwaminifu, hupotea vivyo hivyo.

Sijui maisha yanayouthibitisha ukweli huo kuliko ya John Mercer Langston, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1829 na kufariki mwaka wa 1897. Walimu na wanafunzi wa fasihi wanalifahamu jina hilo la Langston kupitia kwa mshairi Langston Hughes, ambaye kwa ukamilifu aliitwa James Mercer Langston Hughes. Wachache wanajua kwamba jina hilo alilirithi kwa ndugu ya babu yake, na kwamba mzee huyo, kabla ya kuwa mkuu wa chuo, mwanadiplomasia na mbunge, alikuwa karani wa tarafa ndogo ya wakulima katika jimbo la Ohio.

Langston alizaliwa tarehe 14 Desemba 1829 katika kaunti ya Louisa, jimbo la Virginia. Baba yake, Ralph Quarles, alikuwa Mzungu mwenye shamba kubwa na watumwa. Mama yake, Lucy Langston, mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji asilia wa Marekani, alikuwa amewahi kuwa mtumwa wa Quarles huyo huyo, kisha akapewa uhuru wake. Wawili hao waliishi pamoja miaka mingi na kuzaa watoto, lakini sheria ya Virginia haikuwaruhusu kuoana. Kwa hiyo mbele ya serikali watoto wao hawakuwa na baba, na ndiyo maana walibeba jina la mama.

Mwaka wa 1834 wazazi wote wawili waliaga dunia, na John akabaki yatima wa miaka minne. Kwa desturi ya nchi ile, mtoto wa rangi yake aliyefiwa na mlinzi wake angeweza kuishia popote. Kilichomwokoa kilikuwa karatasi. Quarles alikuwa ameandika wasia, akawaachia wanawe watatu, Gideon, Charles na John, sehemu kubwa ya mali yake, na wasia huo ukathibitishwa kisheria.

Hapa inafaa tutue kidogo. Wasia za mabwana wa Virginia kwa kawaida ziliwataja watu Weusi pia, lakini ziliwataja pamoja na ng'ombe, majembe na vitanda, kama vitu vya kurithiwa. Kalamu za makarani wa mahakama za kaunti ndizo zilizonakili orodha hizo. Kwa hiyo daftari moja la mahakama liliweza kumfanya mtu mmoja mrithi na mwingine kitu cha kurithiwa. Langston alikuwa upande wa warithi kwa bahati ambayo maelfu ya wenzake hawakuipata. Tukimsifu kwa bidii yake, tusisahau kwamba alianza safari akiwa na hati mkononi, na wenzake walianza wakiwa wameandikwa ndani ya hati za wengine.

Ndugu hao walipelekwa Ohio, jimbo lisilokuwa na utumwa, na John akalelewa mjini Chillicothe na rafiki wa baba yake aliyeitwa William Gooch. Mtoto akapendwa, akasomeshwa, akazoea. Miaka michache baadaye Gooch aliamua kuhamia Missouri na kumchukua kijana wake. Nia yake ilikuwa njema, lakini Missouri ilikuwa nchi ya utumwa. Ndugu mmoja wa John, aliyezaliwa naye mama mmoja, alikimbilia mahakamani. Mahakama ikaamua kwamba mamlaka ya mlezi yanakoma mpakani mwa jimbo, na kwamba mtoto akivushwa uhuru wake na urithi wake vitakuwa hatarini. Yule mvulana akatenganishwa na watu aliowaona kuwa wazazi wake. Akalia, lakini akabaki huru. Hivyo, kabla hajajua maana ya neno sheria, sheria ilikuwa imekwisha kumtendea mema na machungu kwa pigo moja.

Alihamia Cincinnati, mji wenye jumuiya kubwa ya watu Weusi. Huko, Septemba 1841, makundi ya Wazungu yalizivamia nyumba za Weusi kwa silaha, na mvulana wa miaka kumi na mmoja akalazimika kukimbia barabarani kumwonya kaka yake. Ohio haikuwa na watumwa, lakini haikuwa na usawa pia. Sheria zake zilimzuia mtu Mweusi kupiga kura, na kwa miaka mingi zilimzuia hata kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa Chuo cha Oberlin, kilichoanzishwa mwaka wa 1833 na kuanza kuwapokea wanafunzi Weusi mwaka wa 1835. Langston alijiunga nacho mwaka wa 1844, akapata shahada mwaka wa 1849, kisha akasoma theolojia. Hata hivyo, moyo wake ulikuwa kwenye sheria. Aliomba nafasi katika chuo cha sheria kimoja katika jimbo la New York, na mwenye chuo akamshauri kwamba huenda angepokewa kama angejifanya Mfaransa au Mhispania kutoka Amerika ya Kusini. Langston alikataa kuingia darasani kwa jina la uwongo. Alijaribu Cincinnati, huko nako akakataliwa. Mwishowe wakili mmoja Mzungu wa mjini Elyria, Philemon Bliss, mpinzani wa utumwa, alimfungulia maktaba yake na kumfundisha.

Mwaka wa 1854 alisimama mbele ya mahakama kuomba asajiliwe kuwa wakili. Kamati ya mtihani ilikiri kwamba anaijua sheria, lakini ikataja rangi yake kama kikwazo. Sasa angalia hila za sheria zenyewe. Mahakama za Ohio zilikuwa zimekwisha kuamua katika kesi za awali kwamba mtu ambaye damu yake ya Kizungu ilizidi nusu alihesabiwa kuwa Mzungu. Majaji wakamtazama, wakaamua kuwa yumo katika fungu hilo, wakamwapisha. Mtu aliyekataa kujifanya Mfaransa ili asome alisajiliwa kuwa Mzungu kwa amri ya mahakama, naye akaitumia kazi hiyo maisha yake yote kuwatetea watu Weusi. Hakuna wakili Mweusi aliyemtangulia katika jimbo la Ohio.

Mwaka huo huo alimwoa Caroline Wall, msomi mwenzake wa Oberlin, wakanunua shamba Brownhelm, tarafa ya wakulima katika kaunti ya Lorain. Hapakuwa na familia nyingine ya Weusi pale. Majirani walianza kwa kumchungulia, kisha wakaanza kumletea kesi zao za mipaka ya mashamba na madeni. Wateja wake wa kwanza walikuwa Wazungu, kwa sababu mkulima mwenye kesi hutafuta wakili atakayeshinda kabla ya kutafuta wa rangi yake.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka wa 1855, wapinzani wa utumwa katika tarafa hiyo waliweka jina lake kwenye orodha ya wagombea wa cheo cha karani. Akashinda. Yeye mwenyewe alimwandikia habari hiyo Frederick Douglass, mtoro wa utumwa aliyekuwa mwandishi na msemaji mkuu wa Weusi, akimweleza kwamba uchaguzi huo umeonyesha jinsi watu Weusi wanavyohitaji nguvu ya kisiasa. Vitabu vingi humwita Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwa kura. Kauli hiyo yahitaji kurekebishwa, kwani Alexander Twilight alichaguliwa kuingia katika bunge la Vermont mwaka wa 1836. Lakini kwamba Langston alikuwa miongoni mwa wachache wa mwanzo kabisa, hilo halina shaka.

Karani wa tarafa alikuwa na kazi gani? Aliandika maamuzi ya wadhamini wa tarafa, akatunza hati na hesabu zake. Ni kazi isiyotungiwa nyimbo. Lakini fikiri: katika nchi ambayo mamilioni ya watu Weusi walikuwa wameandikwa na makarani kama bidhaa, na katika jimbo ambalo mtu aliyehesabiwa kuwa Mweusi hakuruhusiwa hata kutumbukiza kura, wakulima Wazungu walimkabidhi mtu Mweusi kitabu cha mambo yao ya pamoja. Walimwamini kwamba atakachoandika ndicho kilichotendeka. Sijui heshima ya kiraia inayoizidi hiyo.

Mwaka uliofuata alihamia mji wa Oberlin, na huko ndiko alikotambua kwamba daftari peke yake halitoshi pale sheria yenyewe inapokuwa dhalimu. Septemba 1858 wawindaji wa watumwa walimkamata mtoro aliyeitwa John Price na kumfungia katika hoteli mjini Wellington. Umati wa watu wa Oberlin, Weusi kwa Weupe, ukavamia na kumwokoa. Langston alikuwa safarini kwa kazi ya uwakili, akarudi jioni mambo yamekwisha. Kaka yake Charles alikuwamo. Watu 37 walishtakiwa chini ya sheria ya shirikisho ya kuwarudisha watoro. Wawili tu ndio waliohukumiwa, na Charles alikuwa mmoja wao. Alipata kifungo cha siku 20 na faini ya dola 100, baada ya kuieleza mahakama bila woga kwa nini mtu wa rangi yake hawezi kutarajia haki kutoka kwa sheria kama ile. Charles huyo ndiye babu wa mshairi Hughes.

Kesi iliyomtambulisha John zaidi ilikuja mwaka wa 1862. Edmonia Lewis, mwanafunzi wa Oberlin mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji asilia, alidaiwa kuwapa sumu wasichana wawili Wazungu aliokaa nao nyumba moja. Kabla ya kesi kusikizwa, watu wasiojulikana walimteka usiku, wakampiga na kumwacha uwanjani katika baridi. Mji ulikuwa umegawanyika, na hata baadhi ya Weusi walimshauri Langston ajitenge na kesi hiyo. Yeye aliichukua. Utetezi wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kuuliza kumbukumbu ziko wapi: hakuna aliyehifadhi wala kupima kilichotoka tumboni mwa wagonjwa, basi hakuna uthibitisho kwamba sumu ilikuwapo. Bila ushahidi hakuna kosa. Lewis akaachiliwa, na baadaye akawa mchongaji sanamu mashuhuri, akafanya kazi yake mjini Rome.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowafungulia Weusi mlango wa jeshi mwaka wa 1863, Langston alizunguka akiandikisha askari wa vikosi vya Massachusetts na Ohio. Vita vilipokwisha akawa mkaguzi wa shule katika idara ya serikali iliyowahudumia watumwa walioachwa huru, akasafiri majimbo ya kusini akiwahimiza watu wasome. Mwaka wa 1869 alianzisha idara ya sheria katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, akawa mkuu wake wa kwanza. Humo alihitimu Charlotte Ray mwaka wa 1872, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa wakili Marekani. Langston alishiriki pia kumsaidia Seneta Charles Sumner kutunga mswada wa haki za kiraia, uliokuja kuwa sheria mwaka wa 1875, kisha ukavunjwa nguvu na Mahakama ya Juu mwaka wa 1883. Baada ya kukaimu urais wa Howard, alinyimwa cheo hicho kikamilifu mwaka wa 1875, na punde akaondoka.

Kuanzia mwaka wa 1877 hadi 1885 aliiwakilisha Marekani nchini Haiti. Kipo kisa kimoja cha miaka hiyo kinachomfichua karani ndani ya balozi. Sheria ilitaja mshahara wa cheo chake kuwa dola 7,500 kwa mwaka. Kuanzia mwaka wa 1883 Kongresi ilitenga dola 5,000 tu, bila kuifuta sheria ya awali. Wengine wangenung'unika na kunyamaza. Langston alifungua kesi, na mwaka wa 1886 Mahakama ya Juu ikakubaliana naye: mshahara uliowekwa na sheria haupunguzwi kwa kutengewa fedha pungufu, mradi sheria yenyewe haijafutwa. Serikali ikaamriwa kumlipa haki yake.

Wakati huo alikuwa amerudi Virginia alikozaliwa, kuongoza chuo cha ualimu cha Weusi karibu na Petersburg, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Virginia. Siasa zilipogeuka, aliondoka mwishoni mwa mwaka wa 1887. Mwaka uliofuata akagombea ubunge. Chama cha Democrat kilimpinga, na hata William Mahone, kiongozi Mzungu wa chama chake cha Republican katika jimbo hilo, alimsimamishia mpinzani Mzungu. Siku ya kura, Weusi na Wazungu waliwekwa katika foleni mbili tofauti, na foleni ya Weusi ikaenda kwa mwendo wa kobe. Matokeo yalipotangazwa, Edward Venable wa Democrat alipewa ushindi kwa kura zaidi ya 600.

Langston hakukubali. Alifanya alichokifanya maisha yake yote: akakusanya ushahidi, kituo kwa kituo, akaupeleka katika Bunge la Wawakilishi. Shauri lilichukua karibu miezi kumi na minane ya muhula wenyewe. Tarehe 23 Septemba 1890 Bunge lilimtangaza mshindi halali, huku wabunge wengi wa Democrat wakitoka ukumbini ili wasishiriki. Alikalia kiti hicho kwa miezi isiyofika sita, hadi Machi 1891, na katika uchaguzi wa Novemba 1890 alikuwa amekwisha kushindwa. Virginia haikumchagua tena mbunge Mweusi wa kwenda Washington mpaka mwaka wa 1992.

Je, alishinda au alishindwa? Kwa kuhesabu miezi, alishindwa. Lakini ubatili ule uliandikwa katika kumbukumbu za Bunge, na umebaki humo. Waliopanga foleni mbili wamesahaulika. Ushahidi dhidi yao haujasahaulika. Mwaka wa 1894 alitoa kitabu cha maisha yake, akajitaja kwa nafsi ya tatu kana kwamba anaandika habari za mtu mwingine. Wapo waliokiona ni kitabu cha kujisifu, na kweli Langston hakuwa mtu wa kujishusha. Lakini mtoto aliyeokolewa na wasia alijua kwamba habari zake asipoziandika yeye, zingeandikwa na wengine au zisingeandikwa kabisa. Alifariki mjini Washington tarehe 15 Novemba 1897.

Mwaka wa 1962, miaka 65 baada ya kifo chake, mjukuu wa kaka yake alifika Kampala kuhudhuria mkutano wa waandishi wa Afrika katika Chuo cha Makerere, akaketi na vijana wa Afrika Mashariki walioanza kushika kalamu, miongoni mwao Ngũgĩ wa Thiong'o. Jina la karani wa Brownhelm likawa limefika kwetu kupitia kwa mshairi.

Langston hakutumia upanga. Aliokolewa na wasia, akazuiwa na sheria, akazisoma sheria hizo mpaka akazijua kuliko waliozitunga, kisha akazitaka zitimize zilichoahidi. Pale zilipokuwa mbovu alisaidia kutunga nyingine. Lakini msingi wa yote ulikuwa imani kwamba kilichotendeka lazima kiandikwe kama kilivyotendeka, na mtu anayeaminika.

Mwalimu ajazaye kitabu cha mahudhurio kila asubuhi, na mwanafunzi aliyechaguliwa kuwa katibu wa chama cha shule kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo, wasijione wadogo. Siku mwenye haki atakapodai haki yake, kitakachoulizwa kwanza ni daftari. Na daftari litasema kile tu alichoandika karani.